Askari mstaafu na dai la ulemavu: Je, vyama husaidia kweli?

SOMO letu la juma hili ni la afya na la haki kwa pamoja. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaishi Mombasa, Malindi au Nairobi, lakini mna baba, mjomba au kaka aliyewahi kuvaa sare na ambaye sasa anaishi Garsen, Ngao, Tarasaa au Hola. Huenda amekatwa mguu. Huenda hasikii vizuri, au usiku hushtuka usingizini akipiga kelele. Na huenda mtu amemwendea nyumbani na kumwambia: "Jiunge na chama chetu cha wastaafu, lipa ada, nasi tutakuletea fidia yako."

Je, vyama hivi husaidia kweli? Jibu langu kama daktari ni kwamba husaidia, lakini si kwa njia ambayo watu wengi hudhani. Chama hakitoi fidia. Fidia hutolewa na afisi yenye fedha, na afisi hiyo husoma karatasi. Chama kizuri ni kile kinachomsaidia mzee kupata karatasi zinazofaa, kuzifikisha mahali panapofaa na kufuatilia mpaka jibu lipatikane. Chama kisichofanya hayo, hata kikiwa na bendera na mwenyekiti mwenye maneno matamu, kinampotezea mzee wakati na fedha zake.

Fedha za aina tatu

Kwanza tuondoe mkanganyiko ambao huwatatiza wengi. Kuna malipo ya aina tatu, na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza ni pensheni ya ulemavu kwa mwanajeshi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Hapa jambo kubwa ni uamuzi wa jopo la madaktari wa jeshi, ambao hupima ulemavu na kueleza kama ulitokana na utumishi. Malipo ya pensheni za serikali hushughulikiwa na Idara ya Pensheni iliyo chini ya Hazina ya Taifa.

Ya pili ni fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini, chini ya sheria ya mwaka 2007 inayojulikana kwa kifupi kama WIBA. Sheria hii inawahusu wafanyakazi wa makampuni na wa serikali pia, lakini haiwahusu wanajeshi. Dai lapasa kuwasilishwa katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Mtu aliyekuwa mpishi au dereva wa raia kambini hana njia moja na askari aliyekuwa na bunduki katika kambi hiyo hiyo.

Ya tatu ni msaada kwa watu wenye ulemavu kwa jumla. Mtu hupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Kadi hiyo inaweza kumfungulia njia ya msamaha wa kodi akiwa na mapato, au vifaa kama kiti cha magurudumu. Familia ya mtu mwenye ulemavu mkubwa na isiyo na uwezo yaweza kuomba kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao umekuwa ukitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mlango huu haumuulizi mtu aliumia wapi. Basi usikubali kuambiwa kwamba kadi hiyo ndiyo fidia ya vita. Kadi ni kadi, na fidia ni fidia.

Ukikutana na chama, swali la kwanza la kuuliza ni hili: "Mnataka kumpeleka mzee katika mlango upi kati ya hii mitatu?" Asiyeweza kujibu swali hilo hajui kazi anayoiombea ada.

Mafiga matatu ya dai

Dai la ulemavu uliotokana na kazi husimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni ulemavu uliopo leo, uliopimwa na kuandikwa na daktari. La pili ni tukio: siku fulani, mahali fulani, katika utumishi, jambo fulani lilitokea na likaandikwa. La tatu ni kiungo kati ya hayo mawili, yaani maoni ya daktari kwamba ulemavu wa leo umetokana na tukio lile na si uzee, kisukari au ajali ya pikipiki ya mwaka jana. Figa moja likikosekana, chungu hakikai.

Utaratibu huu si wetu peke yetu. Huko Marekani, ambako kuna vyama vikubwa kama American Legion na Disabled American Veterans, dai la askari mlemavu hupimwa kwa mambo hayo hayo matatu. Vyama hivyo vina maafisa waliofunzwa na kuidhinishwa na serikali ili kuwaandalia askari madai yao, na kazi hiyo huifanya bila malipo. Lakini hata huko afisa wa chama hawezi kuandika maoni ya daktari. Humwambia askari ni karatasi gani imekosekana, basi.

Hapa kwetu, makosa mengi hutokea katika figa la tatu. Mzee huja na rundo la vyeti vya utumishi, nishani na picha za zamani, na mguu wake ulioumia kila mtu anauona. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba mguu huo na utumishi ule vinahusiana.

Funzo kutoka Hola

Wakazi wa Tana River wana historia inayoonyesha jambo hili wazi kuliko kitabu chochote. Mnamo Machi 3, 1959, mahabusu 11 wa kambi ya Hola walipigwa hadi kufa walipokataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliobainisha kwamba walikufa kwa kipigo. Ushahidi wa daktari ukaushinda uongo wa afisi.

Miongoni mwa walionusurika siku hiyo alikuwa Wambugu wa Nyingi, ambaye alipoteza fahamu akawekwa pamoja na maiti. Mwaka 2009 yeye na wenzake wachache walifungua kesi mjini London dhidi ya serikali ya Uingereza. Chama cha wapiganaji wa zamani wa Mau Mau kiliwatafuta wazee vijijini na kuwakusanya. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo si ya serikali, ilichukua maelezo yao. Mawakili wakaipeleka kesi mahakamani. Isitoshe, maelfu ya majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park nchini Uingereza yalijitokeza mwaka 2011, yakalipa nguvu figa la tukio. Mnamo Juni 6, 2013, serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228.

Ukiitazama kesi hiyo vizuri, utaona chama kilifanya nini na hakikufanya nini. Kilijua wazee wako wapi, kikawafanya wasikike kwa sauti moja. Hakikuandika ripoti za matibabu wala kusimama mbele ya jaji. Kila mtu alifanya kazi anayoijua.

Lakini hadithi ina upande wa pili. Kesi nyingine iliyofuata ilikuwa na wadai zaidi ya 40,000. Mwaka 2018 mahakama ya London iliitupilia mbali. Sababu kubwa ilikuwa wakati: miaka mingi mno ilikuwa imepita, mashahidi wamekufa na karatasi zimepotea. Wingi wa wanachama haukusaidia kitu. Orodha ndefu ya majina si ushahidi wa ugonjwa wa hata mtu mmoja.

Chama cha msaada na chama cha madai

Kuna vyama ambavyo kazi yake tangu mwanzo ni kutoa msaada, na ni vyema kuvielewa ili usividai kisichokuwa chake. Jumuiya ya askari wa zamani wa nchi za Jumuiya ya Madola ilianzishwa Cape Town mwaka 1921. Kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa fedha za chakula na matibabu askari maskini waliotumikia Uingereza pamoja na wajane wao, ikipitia vyama vya nchi husika. Kwetu Kenya kazi hiyo ilipitia chama kilichojulikana kwa muda mrefu kama KAFOCA na baadaye DEFOCA, yaani chama cha wandani wa zamani wa majeshi ya ulinzi.

Wazee wa KAR waliopigana Burma dhidi ya Wajapani walifaidika na msaada huo. Hata hivyo, msaada wa chakula si pensheni ya ulemavu, na haukufuta ukweli kwamba askari Mwafrika aliyeachishwa kazi baada ya vita alilipwa kidogo kuliko Mzungu wa cheo kile kile. Mtu anaweza kushukuru kwa unga huku akijua kwamba deni halijalipwa.

Kwa waliotumikia jeshi la Kenya, Bunge lilipitisha mwaka 2022 sheria inayohusu kutambuliwa na kutunzwa kwa wanajeshi wastaafu. Kwa hiyo mstaafu wa leo ana haki ya kuiendea Wizara ya Ulinzi yeye mwenyewe na kuuliza jalada lake liko wapi. Si lazima apitie kwa mtu wa kati.

Ripoti ya daktari inayofaa

Sasa tuje katika jambo ninalolijua zaidi. Ripoti nyingi zinazoambatanishwa na madai huwa na mistari miwili: "Huyu ana maumivu ya mgongo. Anaendelea na matibabu." Ripoti ya namna hiyo haimsaidii mgonjwa. Afisa anayeisoma hawezi kujua mgongo uliumia lini, kwa nini, na unamzuia mtu kufanya nini.

Unapomwomba daktari ripoti, mwombe kwa heshima aandike mambo haya. Kwanza, historia: tarehe ya kuumia, mahali na kikosi, kama ilivyo katika kumbukumbu. Pili, alichokiona mwenyewe alipompima mgonjwa, pamoja na matokeo ya picha ya eksirei au vipimo vingine. Tatu, uwezo wa mtu: anaweza kutembea umbali gani, kuinua mzigo gani, kusimama kwa muda gani. Nne, maoni yake kuhusu chanzo, na sababu za maoni hayo. Tano, kama hali hiyo ni ya kudumu au inaweza kubadilika. Mwisho, sahihi, muhuri na nambari yake ya usajili.

Daktari mwaminifu hataandika asichokiona. Usimwombe aongeze chumvi, wala usikubali chama kikupeleke kwa "daktari wetu" anayeandika ripoti bila kumgusa mgonjwa. Ripoti ya uongo ikigunduliwa, hata dai la kweli huanguka nayo.

Majeraha yasiyoonekana

Mguu uliokatwa hauhitaji kuelezwa sana. Yanayopotea ni majeraha yasiyoonekana, na hapa ndipo familia ina kazi kubwa.

Chukua masikio. Mlio wa bunduki na mabomu huua chembe ndogo za ndani ya sikio, nazo zikifa hazioti tena. Mtu huanza kwa kusikia kengele au mlio masikioni, kisha hushindwa kufuata mazungumzo penye kelele. Jamaa husema ni uzee. Lakini kipimo cha usikivu kinachofanywa kwa mashine kina alama inayosaidia: sikio lililoharibiwa na kelele kubwa aghalabu hupungukiwa zaidi katika sauti nyembamba za kiwango cha hertzi 4,000 hivi, na kiwango cha juu yake huwa afadhali kidogo. Sikio la uzee hupungua kwa mteremko. Baada ya miaka mingi hali hizi mbili huchanganyika, ndiyo maana ni muhimu kupimwa mapema. Kipimo hicho hupatikana katika hospitali kubwa, kwa hivyo panga safari.

Chukua pia akili. Mtu aliyepitia mauaji au mlipuko anaweza kuugua maradhi ya mfadhaiko wa baada ya tukio la kutisha. Dalili zake ni jinamizi, kuliona tukio kana kwamba linatokea upya, kuepuka mahali au mazungumzo yanayolikumbusha, kushtuka haraka, hasira, na kujitenga na watu wa nyumbani. Dalili zikizidi mwezi mmoja na kumvurugia mtu maisha, huo ni ugonjwa, si woga wala si majini. Wakati mwingine huanza miezi sita au zaidi baada ya tukio. Wengi huuficha kwa pombe au miraa, kisha huhesabiwa kuwa walevi tu. Ugonjwa huu hutibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na kwa dawa inapohitajika. Mpeleke mgonjwa kwa ajili ya tiba kwanza. Karatasi ya dai itafuata. Na iwapo anazungumza kuhusu kujiua, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.

Polisi na polisi wa akiba

Katika delta ya Tana si wanajeshi pekee walioumia. Kilelengwani, Septemba 2012, maafisa wa polisi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Kituo cha polisi cha Gamba kilishambuliwa Julai 2014. Barabara ya kutoka Minjila kuelekea Witu na Lamu imeshuhudia magari ya usalama yakilipuliwa. Pamoja na polisi wa kawaida, wako polisi wa akiba, vijana wa vijijini waliojitolea wakapewa bunduki bila mshahara kama wa polisi wa kawaida.

Hawa ndio wenye dai gumu zaidi, kwa sababu figa la tukio huwa dhaifu. Hawana jalada nene kama la mwanajeshi. Kwao nambari ya OB katika kituo cha polisi ni mali. Tukio liandikwe siku ile ile, fomu ya P3 ichukuliwe na kujazwa na daktari, na nakala zibaki nyumbani. Chama cha wastaafu au kundi la wazee wa kijiji likimsaidia kijana aliyeumia kupata nambari hiyo kabla jeraha halijafungwa, limemsaidia kuliko wakili atakayekuja baada ya miaka mitano.

Maswali ya kukipima chama

Kabla mzee hajatoa shilingi, kiulize chama maswali haya:

1. Je, kimesajiliwa, na cheti cha usajili kiko wapi?

2. Ada ni ya nini, na je, stakabadhi hutolewa? Ada ndogo ya uanachama si kosa. Lakini anayedai sehemu ya fidia ambayo haijatoka, au anayesema fedha za "kufungua faili" ni lazima zilipwe leo, mkimbie.

3. Je, watakupa nambari ya jalada na jina la afisi lilikopelekwa dai, ili uweze kuuliza mwenyewe?

4. Je, wanataka karatasi za asili? Usitoe. Toa nakala tu.

5. Je, wanaweza kukuonyesha mwanachama mmoja ambaye dai lake limefika mwisho, limekubaliwa au limekataliwa? Chama cha kweli hakiogopi kutaja pia yaliyokataliwa.

6. Je, wanaahidi ushindi? Hakuna mtu mwaminifu anayeweza kuahidi hilo.

Ufanye nini sasa

Wewe uliye mjini una faida ambayo mzee hana: uko karibu na afisi na hospitali kubwa. Likizo ijayo ukienda nyumbani, keti na mzee kwa saa mbili. Andika mahali alipotumikia, miaka, nambari yake ya utumishi, siku aliyoumia, hospitali aliyolazwa na majina ya wenzake walio hai. Wenzake hao wanaweza kutoa maelezo ya kiapo, na hapa chama huwa na thamani kubwa, kwani ndicho kinachojua nani alikuwa na nani.

Kusanya karatasi zote. Mto Tana haubagui: mafuriko ya 1997, 2018 na 2023 yalifagia nyumba pamoja na masanduku yaliyokuwa na vyeti. Tia za asili katika mfuko wa plastiki usiopenya maji, toa nakala mbili, moja ikae kwako mjini.

Kisha mpeleke akapimwe. Kwa usajili wa ulemavu anzia Hola, kwenye hospitali ya kaunti na afisi za huko. Kama amekatwa mguu, APDK, shirika linalohudumia walemavu wa viungo tangu 1958, lina karakana Mombasa inayotengeneza miguu ya bandia. Mguu wa bandia haungoji fidia. Wala kifaa cha kusaidia kusikia hakingoji.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Aghalabu utaona ni figa lile la tatu, na hilo daktari anaweza kulishughulikia. Usikae kimya miaka kumi ukimngojea mwenyekiti wa chama.

Kwa kifupi, vyama husaidia pale vinapomjua mtu, vinapokumbuka tukio na vinapofuatilia afisini. Havisaidii pale vinapouza matumaini. Mzee akiwa na karatasi zake, hata chama dhaifu chaweza kumfikisha. Akiwa hana, hata chama chenye nguvu hakitamfaa.

Juma lijalo tutaangalia utunzaji wa kigutu cha mguu uliokatwa: vidonda, fangasi, na yale maumivu ya ajabu ya kidole ambacho hakipo tena.